Kiongozi wa Mchezo na Umati Wake

Kijana aanzaye kazi ya kuongoza michezo ya kuigiza huwapenda kwanza wale wasemao sana. Humtafuta Brutus mwenye kimo na Antony mwenye sauti, akakesha nao kwa mazoezi. Waliosalia huwaambia wasimame nyuma, wapige kelele waonyeshwapo mkono. Kosa hili ni dogo machoni pake, walakini ni kubwa kwa kazi yake. Katika darasa la wanafunzi 40, mashujaa ni wanne au watano. Umati ni wote wengine. Ikiwa kiongozi huyo ni mwalimu pia, amefundisha wachache na kuwaacha wengi.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wa pekee. Butiama ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Musoma, katika shule ya Mwisenge, ndiko alikoanza kusoma mwaka 1934. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtawala, wala utawala haukumvua ualimu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar. Januari 1964 askari wakaasi, serikali yake ikatikisika. Mtu mwoga angalikificha kitabu kile. Yeye alikirudia na kukisahihisha, kikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Visu vilivyomwua Caesar vilikuwa vya wakuu wachache, lakini moto uliofuata ulikuwa wa wengi. Umati humshangilia Brutus, na kabla sauti hazijatulia humshangilia Antony. Kisha humkamata Cinna, mshairi asiye na hatia, ukamwangamiza kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anayeangamia hapo ni msanii, na wanaomwangamiza ni wasikilizaji. Kiongozi wa mchezo asiyetetemeka mbele ya onyesho hilo hajaifahamu bado kazi aliyoishika.

Basi na aanze na umati. Asimame asubuhi katika stendi ya mabasi ya Bunda, mahali wakutanapo wasafiri wa Mwanza, Musoma na Ukerewe, atazame: watu mia hawana uso mmoja. Arudipo darasani, ampe kila kijana wa umati kazi na sababu: huyu ni mvuvi wa Mwigobero, yule ni mkulima wa pamba, wa tatu ni mama auzaye dagaa. Kisha amwulize kila mmoja: moyo wako uligeuka kwa neno lipi? Atakayejibu kwamba aligeuka kwa kuwa wenzake waligeuka atakuwa amesema kweli ya kuogofya, na hapo ndipo somo huanza. Maana kijana huyo, atokapo shuleni, aghalabu hatakuwa Brutus wala Antony. Siku moja atasikia njiani sauti ikilia "Mwizi!", naye atakuwa mmoja wa umati, na jiwe halitakuwa mbali na mkono wake.

Fikira hii si ngeni katika nchi za kandokando ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Malya, mkoani Mwanza, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwapa wanakijiji nafasi ya kuchagua wenyewe matatizo yao, kuyaigiza na kuyajadili. Mtazamaji akaacha kuwa mtu wa kupiga makofi tu. Akawa mtu wa kufikiri mbele ya wenzake.

Sifa ya kazi hii ni haba, na ujira wake ni haba zaidi. Makofi huwaendea waigizaji, na kiongozi hubaki nyuma ya pazia akikunja mavazi. Walakini siku ambayo mmoja katika umati atauliza, "Cinna yupi?" kabla ya kuinua jiwe, mwalimu wake atakuwa amelipwa.