Cherehani Haiuzwi kwa Kilo



Katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale hupita kila siku vijana wenye mikokoteni na mizani, wakinunua vyuma chakavu. Kazi yao ni halali, nayo inasafisha mji. Lakini mizani haiulizi jina la kitu. Kwake sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli na cherehani ya miguu vyote ni kilo tu. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya cherehani kuukuu zilizosahauliwa katika nyumba zetu: jinsi ya kuzitambua, na jinsi ya kuzirudisha kazini. Tunaona nyingi zikiondoka bila mtu yeyote kuuliza ni nini hasa kinachoondoka.

Kwa vizazi vingi cherehani imekuwa shamba la mtu wa mjini. Kwayo fundi aliyeketi barazani mwa duka alilipa kodi ya chumba, na mama aliyeshona sare za shule usiku alilipa karo. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na kuanzia mwaka 1856 kampuni yake ikawaruhusu wanunuzi kulipa kidogo kidogo huku wakiitumia mashine. Akina mama wetu wa vikoba hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Chombo ambacho maskini asingeweza kukinunua kwa siku moja kilimfikia kwa subira, nacho kikamsaidia kujilipia.

Hivi karibuni tuliombwa ushauri katika nyumba moja ya Mbagala. Cherehani ya bibi mwenye nyumba ilikuwa imekaa miaka mingi stoo, imefunikwa kwa gunia. Wanawe walitaka kukiuza kichwa chake kwa mnunuzi wa vyuma, na miguu yake ya chuma ilikwisha kupata mteja aliyetaka kuifanya meza ya mgahawa. Bibi alinyamaza. Mjukuu wake wa kike, aliyehitimu mafunzo ya ushonaji lakini hana chombo cha kushonea, alinyamaza pia. Tulipomuuliza bibi maoni yake alijibu kwa sauti ndogo: “Hiyo ndiyo iliyowasomesha hao wanaotaka kuiuza.” Tukaomba tupewe juma moja, tukamwita fundi mzee wa Tandika ambaye amezitengeneza cherehani tangu ujana wake.

Fundi hakushika bisibisi kwanza. Aliomba kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani, akafuta pole pole upande wa kulia wa kitako, chini ya gurudumu la mkono. Hapo ndipo Singer nyingi zinapobeba namba yake. Mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu tupu; zile za baadaye zina herufi mbele. Chini ya uchafu ikatokea herufi Y. Herufi hiyo ni ya kiwanda cha Clydebank, huko Uskoti, kwa mashine za kati ya mwaka 1922 na 1935. Kumbe cherehani ile iliyokuwa chini ya gunia ilitoka kiwandani katika miaka ambayo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza. Kiwanda chenyewe kilichoanza kazi mwaka 1885 kilifungwa mwaka 1980. Mnara wake wenye saa kubwa ulibomolewa mwaka 1963, na leo kituo cha treni cha hapo bado kinaitwa Singer.

Namba hutaja mahali na wakati, lakini aina ya mashine huonekana pale uzi wa chini unapokaa. Fundi alituonyesha. Ukikuta bobini ndefu na nyembamba ndani ya kichuma chenye umbo la risasi, kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni ya familia ya 27, 28, 127 au 128. Ukikuta bobini ya duara inayolala bapa mbele ya sindano, huenda ni aina ya 66. Ukikuta bobini ya duara iliyosimama wima ndani ya kikasha kinachoingizwa kutoka kushoto, hiyo ni aina ya 15. Ya bibi ilikuwa ya 15. Mzee wetu akatabasamu, nasi tukaelewa sababu alipoeleza: cherehani za Butterfly kutoka Shanghai, zilizojaa barazani kote nchini, zilifuata umbo hilo hilo la 15. Kwa hiyo sindano, bobini na vikasha vyake hupatikana Kariakoo bila shida. Kwa zile za bobini ndefu kazi ni ngumu zaidi, na aliyeitupa bobini yake ameitupa riziki.

Baada ya kutambua ndipo matengenezo yalipoanza. Gurudumu lilikuwa limekwama kabisa. Mmoja wa vijana alitaka kulizungusha kwa nguvu, mzee akamzuia. Mara nyingi kinachozuia mashine ya namna hii ni mafuta ya zamani, hasa pale mtu alipotumia mafuta ya kupikia, ambayo huganda yakawa kama gundi. Vyuma vyenyewe huwa vizima. Alitia mafuta katika kila tundu na kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma, akaiacha mpaka kesho, akarudia. Sehemu za ndani zilizofunguliwa alizisafisha kwa mafuta ya taa, ila hakuyaruhusu yaguse rangi nyeusi wala maua ya dhahabu. Spiriti nayo aliikataza, kwa kuwa huyeyusha vanishi ya zamani na maua yote huondoka na kitambaa. Siku ya tatu gurudumu likasogea robo mzunguko. Siku ya nne likazunguka lote.

Mkanda wa ngozi ulikuwa umekatika, ukawekwa mpya. Pamba iliyoshindiliwa chini ya meno yanayosukuma kitambaa ilitolewa kwa sindano kuukuu. Meza iliyoliwa na mchwa ilipelekwa kwa seremala wa Keko, na aliyeibeba kichwani hadi kituo cha daladala ni yule mwana aliyekuwa wa kwanza kutaja bei ya kilo. Hatukumwambia neno.

Hatusemi kwamba kila cherehani ya zamani iokolewe. Kichwa kilichopasuka chuma chake hakina faida kukihangaikia. Vitolewe vipuri vinavyofaa, kilichobaki kiende kwenye mizani kwa amani. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe baada ya kutambua. Bei ya kilo hulipwa mara moja na kuliwa siku hiyo hiyo, na pengine na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kikanyagio hata mara moja. Leo mjukuu yule anashona barazani kwa bibi yake mashuka, magauni na sare. Umeme unapokatika mtaa mzima, jirani mwenye mashine ya umeme husimama, yeye huendelea, kwa sababu mashine yake inatumia miguu.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Tabitha wa Yopa. Alipofariki, wajane waliomlilia walionyesha nguo alizowashonea. Hawakuwa na ushahidi mwingine wa wema wake, wala haukuhitajika.

Basi juma hili, ndugu zetu, fungueni stoo. Mkikuta cherehani, futeni vumbi kwa kitambaa laini, someni namba, tazameni bobini inakaaje. Msilazimishe gurudumu. Mwiteni fundi mzee wa mtaani kwenu wakati bado yupo wa kuitwa, na kijana akae karibu naye aone. Kisha kabla ya kuita mwenye mizani, muulizeni bibi, na mumpe nafasi ya kujibu.