Kwa Baiskeli Kutoka Malindi Hadi Kilifi

Mwenye kutoka Unguja kwenda Malindi hufika Tanga, akagongewa muhuri Horohoro na mwingine Lunga Lunga, akavuka kivuko cha Likoni, na hapo huambiwa kwamba yuko katika nchi ya kigeni. Sisi tulikuwa wanne wa nyumba moja, wanawake watatu na ndugu yetu wa kiume, na nia yetu ilikuwa kuipita nchi hiyo kwa baiskeli, kutoka Malindi hadi Kilifi, kiasi cha kilomita 60. Ndani ya gari mtu huiona mikono ya watu ikipunga, asisikie neno. Tulitaka mwendo wa kuweza kuitikia salamu.

Twajua kwamba swali la kwanza la akina mama ni la mavazi. Buibui pana hunaswa na mnyororo, na anguko lake ni baya. Tulivaa kanzu ndefu zenye mipasuo ya pembeni, chini yake suruali pana zilizobanwa kifundoni kwa mpira, na mitandio iliyofungwa nyuma ya shingo. Baiskeli tulizokodi zilikuwa za kike, zisizo na chuma cha juu, na mnyororo umefunikwa. Hatukuonekana zaidi ya tunavyoonekana sokoni.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kaskazi ikitusukuma mgongoni. Wakati huo barabara ni ya wenye baiskeli: wanaume wenye madumu ya maji yaliyofungwa pande zote, wenye magunia ya makaa, wenye mikungu ya ndizi. Wote walitusalimu. Sisi twasema "anakuja", wao husema "yuwaja", na tofauti yetu haikuzidi hapo.

Gede tulikaa muda mrefu. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, msitu ukaufunika, na uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Sisi tuliolelewa karibu na msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, tuliitambua kazi ile ya mawe ya matumbawe kabla ya kuelezwa. Penye msikiti mkuu kuna kisima na birika la kutawadhia. Kilichotugusa zaidi ni majina ya nyumba, ambazo wachimbaji waliziita kwa vitu vilivyookotwa humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure. Majina ya wenyewe yamepotea, na mkasi wa mshonaji umebaki. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Jambo jema, ingawa wanakijiji hawakuhitaji kuambiwa thamani yake.

Kutoka Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke huwa kulia na mikoko ya Mida kushoto. Sehemu hii ni nzuri kuitazama na mbaya kuipita. Malori yaendayo Mombasa hupita karibu hata usukani hutetemeka, na mara mbili tulilazimika kushuka mchangani. Tusiwafiche wasomaji: hofu yetu yote ya siku ile ilikuwa hii.

Karibu na Roka tulinunua mahamri na mbaazi kwa bibi mmoja chini ya mwembe.

"Mwaenda wapi, wanangu, na magurudumu haya?"

Tukamwambia.

"Na watu hawawasemi?"

"Wasema, bibi," wifi yetu akajibu. "Twawasalimu, nao huitikia."

Akacheka, kisha akanyamaza. Mjukuu wake wa kike, wa miaka 12 hivi, huenda shule kwa miguu mwendo wa saa nzima, na kurudi hivyo hivyo juani. Kaka yake ana baiskeli. Bibi aliuliza bei ya baiskeli ya kike, akaishika kanzu ya wifi na kuutazama mpasuo wake ulivyoshonwa, akauliza pia kuhusu malori. La malori hatukuwa na jibu. Lakini iko njia ya mchanga nyuma ya mashamba ya mikorosho, naye aliijua kuliko sisi. "Nitasema na babake," akasema, na mtoto, aliyekuwa akijifanya kuosha vikombe, akaacha kuosha.

Kilifi tulifika jua limepinduka. Daraja lililopo juu ya mkono wa bahari lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivuka kwa feri. Tulishuka tukalivuka kwa miguu, tuione ng'ambo ya Mnarani. Kisha tukarudi mjini, tukaingia msikitini upande wa wanawake, na kwa kuwa tulikuwa wasafiri tukajumuisha adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili.


Tulipotoka, wasichana wawili walikuwa wamesimama kando ya baiskeli zetu wakiijaribu kengele.