Ziro Sabini

Chenso nyingi zinazofika mezani kwangu hazikuzeeka, ziliuawa. Muuaji ni yule yule: petroli iliyotiwa bila oili, au iliyochanganywa kwa kukisia na kijana aliyeamshwa alfajiri, baridi ya Mufindi ikimng'ata na bosi akifoka kwamba lori linasubiri. Injini ya chenso haina oili yake kando kama ya gari. Kinacholainisha pistoni ni ile oili iliyomo ndani ya petroli, basi. Ukiisahau, pistoni inavimba kwa joto, inakwaruza silinda, inastaki. Halafu utasikia, "Fundi, ilizimika tu yenyewe."

Riziki yangu yote imetoka huko. Mafinga ni mji wa mbao, na asiyekata anapasua, asiyepasua anabeba, asiyebeba anauza chai kwa wanaobeba. Misindano ya Shamba la Sao Hill ilianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, ikapandwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipofunguliwa mwaka 1985 kila mtu aliamini kazi haitakwisha. Mimi niliingia msituni nikiwa msaidizi wa mkataji. Nilibeba dumu la petroli, kabari na nyundo, nikakaa mbali mti unapoanguka. Mashine ilipogoma, mkataji alivuta sigara na mimi nikaifungua. Ndivyo nilivyohamia kwenye ufundi. Hakuna aliyenipeleka chuo, ila fundi mmoja wa Kihehe alinivumilia, akanifundisha kwamba usifungue skrubu ya pili kabla hujajua ya kwanza ilikuwa inashika nini.

Mzee mwenye ziro sabini alikuja na bodaboda, mashine imefungwa kwenye gunia la salfeti.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, baba. Karibu."

Akalitua gunia mezani. Ilikuwa Stihl 070, rangi yake ya machungwa imebaki kwenye pembe tu, vumbi la mbao na oili chafu vimegandamana kwenye mapezi ya silinda mpaka hewa haipiti. Mzee aliinunua kuukuu kutoka kwa mkandarasi, akakatia nayo mivule na mininga huko Kilombero kabla hajarudi nyumbani. Nikamuuliza imelala tangu lini.

"Tangu mama yao alipofariki. Sikuwa na hamu ya kitu."

Lazima niseme kidogo kuhusu ukoo wa mashine hii, kwa sababu vijana wa siku hizi wanadhani chenso zilianza na zile nyepesi wanazonunua Kariakoo. Mwaka 1959 kiwanda cha Stihl, cha Ujerumani, kilitoa mashine iliyoitwa Contra: sentimita za ujazo 106, nguvu farasi 6, uzito karibu kilo 12. Kabla yake wakataji wengi walikuwa bado wanategemea msumeno wa watu wawili. Ziro sabini ni mtoto wa Contra. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 58 na pistoni inasafiri milimita 40, hesabu ambayo inarudi kwenye zile 106. Kaka yake, ziro tisini, ana pistoni ya milimita 66. Injini hizi hazina mbio. Chenso za leo hupita mizunguko 12,000 kwa dakika. Ziro sabini haifiki hata 10,000, lakini ukiiegemeza kwenye gogo la mninga haishtuki.

Siku ya kwanza sikushika spana. Niliikwangua kwa kijiti na brashi, nikaiosha kwa mafuta ya taa, maana uchafu ukidondokea ndani ya injini umejitengenezea kazi ya pili. Kisha nikatoa sailensa, nikamulika tochi kwenye tundu la moshi. Hapo ndipo pistoni inapotoa ushahidi. Mikwaruzo ikiwa upande wa moshi, mashaka yako yaelekee kwenye oili pungufu au hewa iliyozidi kwenye mchanganyiko. Ikiwa upande wa kabureta, jua vumbi limepita kwenye filta. Ya mzee ilikuwa na mikwaruzo miepesi upande wa moshi, na alumini ya pistoni imeganda kwenye ukuta wa silinda.

Mafundi wengi hapo wangesema silinda imekwisha, lete nyingine. Mimi nilichukua ile asidi ya kusafishia vigae vya choo, nikachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, nikapaka juu ya alama tu. Asidi inakula alumini, inatoa povu la kijivu, lakini kromi ngumu ya ukuta haiili haraka hivyo. Ukiona povu limekoma, unaosha kwa maji mengi, unapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, bado. Inataka subira na dirisha wazi, kwa sababu moshi wake unakata kifua, na ukizembea ukaipeleka penye alumini tupu, karibu na matundu, umetoboa mashine ya watu. Ukucha wangu ulipopita bila kukwama nilimpigia mzee simu. Hakupokea, alikuwa shambani.

Moto ndio uliokuwa umepotea kabisa. Mashine za siku hizi zina koili ya elektroniki, ikifa unatupa unaweka nyingine. Hizi za zamani zina pointi na kondensa zilizofichwa nyuma ya flaiwili, na flaiwili imekaa kwenye shafti iliyochongwa mteremko, imebanwa na kikabari kidogo cha chuma. Nimeona watu wakiigonga kwa nyundo mpaka mapezi yanavunjika. Inataka pula yake, na mguso mdogo juu ya bolti, inaruka yenyewe. Pointi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nilizisugua kwa msasa laini, nikazifuta kwa karatasi safi, nikarekebisha mwanya uwe karibu milimita 0.4. Kondensa nilibadilisha. Nikafunga mlango wa banda, mchana kweupe, nikavuta kamba huku plagi imegusishwa kwenye silinda: cheche ya buluu.

Kwenye kabureta, viwambo vya mpira vilikuwa vimekauka na kujikunja. Viwambo hivyo ndivyo vilivyowafanya wakataji waweze kuilaza mashine ubavu na kukata mti uliosimama. Kabureta la kuelea, kama la pikipiki, likilazwa linamwaga. Na sili za krankshafti nilibadilisha bila kubishana na mtu. Sili iliyochoka huvuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na injini inapanda mbio yenyewe hata umeachia mafuta. Mwenye mashine hufurahi kwamba leo ina nguvu kweli. Kesho inastaki. Kwa hiyo nikaziba matundu ya kabureta na moshi, nikaijaza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Hapakutoka kiputo.

Kuhusu spea sitasema mengi, zitanipandisha presha. Ziko nakala za ziro sabini kila mahali, hata mashine nzima, na spea zake huingia kwenye hizi za asili. Zinaingia, lakini haziishi. Ringi nilizoletewa mara ya kwanza zilikuwa laini mno, nikazirudisha, muuzaji akaniambia nina maringo. Nilipata za asili kwenye mashine mbovu iliyokuwa imeachwa nyuma ya karakana ya mpasuaji mmoja wa dingidongi, zile mashine za kupasulia mbao.

Mzee alipokuja kuichukua nilimwonyesha mchanganyiko: mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, sehemu 1 kwa 25, apime kwa chupa na si kwa jicho. Kisha nikaivuta. Ilikohoa, ikatoa wingu jeupe, ikashika. Sauti yake ni nzito, ya kubwata, unaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Watu wa dingidongi wakasimama kuangalia. Mzee akanyoosha mikono, nami nikaizima.

"Mbona unazima?"

"Baba, keti kwanza."

Ziro sabini haina breki ya mnyororo. Viwanda vya Ulaya vilianza kuweka breki hizo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili ncha ya baa ikigusa kitu na mashine ikamrukia mkataji usoni, mnyororo usimame kabla haujafika. Hii ikikurukia, inakuja na mnyororo unaozunguka. Mipira ya kupunguza mtetemo nayo ilikuwa imekakamaa, na mipya sikuipata. Mimi mwenyewe sikio la kushoto halisikii vizuri, na asubuhi za baridi vidole viwili hugeuka vyeupe, vinakufa ganzi mpaka nivishike kwenye kikombe cha chai. Wakataji wa rika langu tunafahamiana kwa namna tunavyoshika vikombe.

Nikamwambia asiangushe mti nayo. Alichukia.

"Sasa umetengeneza nini, fundi? Picha ya ukutani?"

"Magogo yaliyolala chini, baba, kata utakavyo. Ukiwa umesimama kando ya baa, si nyuma yake. Mti uliosimama, mpe kijana mwenye mashine ya breki."

"Kijana yupi? Wangu wako Dar."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali magogo tu, na mimi nikakubali kumnolea cheni bure kila anapopita, kwa tupa ya milimita 5.5, maana cheni butu humfanya mtu akandamize na ndipo ajali huanzia. Alinilipa nusu kwa fedha na nusu kwa mbao za mbili kwa nne, akasema zile mbao zimekatwa na mashine hiyo hiyo miaka ya nyuma. Sikuamini, zilikuwa bado mbichi. Nilizipanga zikauke, nikaongezea banda chumba cha spea.