Niliijua Kweli, Nikaiacha Nje ya Ripoti

Ripoti iliyomwondoa Makamu Mkuu wa Chuo chetu niliiandika mimi. Kamati ilikuwa na wajumbe kadhaa na wote tulitia saini, lakini rasimu ya kwanza na ya mwisho zilitoka mikononi mwangu, na sura ya nne, ile iliyosomwa kwa sauti mbele ya Baraza la Chuo, hakuna mjumbe mwingine aliyeigusa. Sura hiyo ilidai kwamba kazi za vijijini zinakula fedha na muda wa wahadhiri na kushusha hadhi ya chuo kitaaluma. Nilipokuwa naiandika nilijua jambo moja ambalo lingeiangusha sura nzima. Nikalinyamazia.

Chuo sikitaji, na kiongozi huyo simtaji kwa jina, kwa sababu hajaniomba nimtetee hadharani na kosa ni langu. Inatosha kusema kwamba ni chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na kwamba yeye ni mama aliyebobea katika sayansi ya kilimo. Alikuja na agizo moja lililotushtua: kila idara iwe na kijiji chake. Hakutaka ziara za kupiga picha na kugawa fulana. Alitaka mhadhiri akae huko siku kadhaa kila msimu, arudi na maswali ya watu, na maswali hayo yapangiwe muda wa maabara kama yanavyopangiwa ya wafadhili. Wanakijiji nao waliruhusiwa kuleta sampuli zao chuoni. Asubuhi ungewakuta kina mama wamekaa kwenye benchi nje ya maabara yetu, kila mmoja na mahindi yake aliyoyafunga kwenye kipande cha kanga, wakisubiri kuitwa.

Wengi wetu tulikereka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kila mwaka orodha za ubora wa vyuo vikuu duniani zinapotoka, waandishi wa habari hutupigia simu kutuuliza kwa nini hatumo. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu washindi wa tuzo za Nobel na makala zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Hakuna mahali ndani yake pa kuandika kwamba kata fulani sasa inahifadhi mahindi salama. Nililijua hilo, lakini nilitaka chuo chetu kionekane. Na niseme lililo chini yake: nilitaka mimi mwenyewe nionekane. Wakati ule nilikuwa profesa mshiriki, faili langu la kuomba uprofesa kamili likiwa mezani, na kanuni za kupanda cheo zilitoa alama nyingi kwa machapisho na alama haba kwa huduma kwa jamii. Kila siku niliyotumwa kijijini niliihesabu kuwa siku iliyoibwa kwenye faili hilo.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Utafiti wangu ni wa sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au zilizowekwa ghalani kabla ya kukauka. Dunia iliitambua mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Haina rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi huua kwa kuharibu ini. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuja kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, ikaondoka na watu wasiopungua 19. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kuhitaji kuelezwa kwa nini mahindi ya kijijini yana uzito.

Kijiji cha idara yetu kilikuwa wilayani Kongwa, kule kule ambako serikali ya Kiingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947, ikamwaga zaidi ya pauni milioni 30, kisha mwaka 1951 ikaukatisha mradi kwa sababu mvua na udongo wa pale havikuwa kama wapangaji wa London walivyodhani. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo darasani kuwa fundisho la wataalamu wasiosikiliza.

Safari zangu za mwanzo kule zilikuwa za kutimiza wajibu tu. Tulifundisha kuanika kwenye turubai badala ya ardhini. Tulionyesha namna ya kupima ukavu bila mashine: unachukua chupa ya soda iliyokauka, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Wenye kipima unyevu tulikuwa sisi, tukitafuta asilimia 13.5 au chini yake. Tulichota sampuli kwenye magunia ya ndani, tukaandika namba, tukarudi mjini. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kunikatisha tamaa. Mahindi mengi yalikuwa chini ya kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo. Hapakuwa na makala ya kuandika.

Safari iliyofuata, bibi mmoja aliyekuwa akiniangalia nikichota sampuli aliniita kando. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua. Punje nzima alizisukuma upande mmoja. Zilizopasuka, zilizotobolewa na dumuzi, zenye ukungu wa kijani, alizikusanya kwenye sufuria. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Profesa mwanangu, wewe unapima haya tunayokula mwezi huu wa saba. Haya mabovu hujayauliza hata siku moja. Unadhani tunayatupa?"

Nikamuuliza yanakwenda wapi.

"Mengine pombe, mengine kuku. Na mwezi wa pili, njaa ikibisha hodi, ndiyo uji wa watoto."

Sikuwa na jibu. Katika miaka yangu yote ya utafiti nilikuwa nikipima chakula kilichokwisha kuchambuliwa na mikono ya kina mama, nikaandika kwamba kaya zile ziko salama. Sumu ilikuwa kwenye sufuria. Tulianza upya. Tulipima yaliyochambuliwa mbali na yaliyobaki, tukafuatilia mwezi baada ya mwezi yanatumikaje, na yeye ndiye aliyetuongoza nyumba kwa nyumba, kwa maana hakuna mama angemweleza mgeni kwamba anawapikia watoto wake mahindi mabovu. Kazi hiyo ikawa makala. Ilikubaliwa na jarida kubwa la nje, na mpaka leo ndiyo inayonukuliwa kuliko nyingine zangu zote. Kwenye shukrani niliwataja waliotoa fedha, wataalamu wa maabara na wahariri. Bibi sikumtaja. Mpango wa vijiji sikuutaja.

Halafu ikaja kamati. Malalamiko dhidi ya Makamu Mkuu yalikuwa yamefika kwenye Baraza, nami nikapewa kalamu. Katika sura ya nne niliweka jedwali la makala bora za chuo. Yangu ilikuwa juu kabisa. Chini ya jedwali nikaandika kwamba makala hizi ni mfano wa kile wahadhiri wanachoweza kufanya wakiachwa wafanye utafiti, bila kubebeshwa shughuli za vijijini. Niliisoma tena sentensi ile usiku kabla ya kuipeleka. Nilijua kwamba makala ya kwanza katika jedwali ilizaliwa kwenye shughuli hizo hizo za vijijini, tena kwa swali ambalo nisingelifikiria mwenyewe. Nilijiambia kwamba mfano mmoja haubadilishi hoja. Nikaipeleka.

Baada ya kikao cha Baraza, mama yule alitangaza kung'atuka kabla ya muhula wake kuisha. Siku ya kuagana alishukuru madereva, wapishi na walinzi kwa majina, akatutakia heri. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na moyoni nilifurahi.

Sitaki maungamo haya yageuke kumsafisha kiongozi kwa kupaka matope wote waliompinga. Malalamiko mengine yalikuwa ya kweli. Kuna vipindi vya darasani vilivyopotea kwa sababu mwalimu yuko kijijini na hakuna aliyepangwa kumshikia. Kuna wanafunzi wa uzamili waliochelewa kumaliza. Taarifa nyingi nzuri zilibaki kwenye madaftari, hazikuwekwa mahali ambapo mtafiti mwingine angezipata. Na yeye mwenyewe alikuwa mgumu kusikia akishaamua. Hayo yote yalistahili kuandikwa, na yalikuwa na dawa: ratiba, walimu wa akiba, kanzidata. Ningeyaandika hayo peke yake ningekuwa nimekitendea haki chuo. Mimi niliyachanganya na uongo, nikamfanya msomaji aamini kwamba jamii na taaluma ni vitu viwili vinavyogombania mfuko mmoja, na kwamba ukikiongezea kimoja umekipunja kingine.

Mpango ulifungwa haraka kuliko nilivyotarajia. Gari likahamishiwa utawala. Benchi la nje ya maabara likaondolewa. Machapisho niliyoahidi katika ripoti hayakuongezeka. Msimu uliofuata nilikaa ofisini nikitafuta swali la utafiti kwenye makala za watu wengine, nikagundua kwamba sina. Wanafunzi wangu wakawa wanarudia kwa mahindi ya sokoni yale ambayo wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuyafanya. Uprofesa niliupata. Barua yake ilinifikia wakati nimeanza kuelewa nilichokifanya, na sikuweza kuifurahia.

Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza masomo katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla hata ya Uhuru kutangazwa. Katika miaka ile ile ya 1960 Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kufika mbali na kurudi na chakula kwa wenzake. Akila akapotelea huko, ni msaliti. Mfano huo nimeusikia tangu nikiwa sekondari, na siku zote nilijiweka upande wa anayerudi, kwa kuwa mshahara wangu unalipwa hapa na ninaishi hapa. Mimi nilifanya baya zaidi ya kupotelea mbali. Nililishwa mara mbili, mara ya pili kwa maarifa, kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba kijiji kinatumalizia chakula.

Nimefanya niliyoweza kuyafanya, na hayatoshi. Nilikwenda kwa mama yule, anakoishi sasa na kulima. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikamweleza yote, na sentensi ya sura ya nne nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa msamaha. Akaniuliza swali: "Mimi nina pensheni yangu, Profesa. Yule bibi wa Kongwa umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nikaenda. Katika ofisi ya kijiji nilimsomea makala kwa Kiswahili, aya kwa aya, na watu wengine wakaja kusikiliza. Alinisahihisha mahali pawili, na mahali pote pawili alikuwa sahihi. Aliridhia jina lake litajwe kwenye shukrani, nami nimeliandikia jarida kuomba marekebisho hayo. Kisha akaniuliza lini tutarudi kupima, kwa sababu wamebadilisha mbegu na hii mpya inakauka polepole. Hilo ni swali jingine la utafiti, na chuo hakina tena utaratibu wa kulipokea. Nimelipeleka kwenye idara pamoja na barua kwa Baraza la Chuo inayoeleza kilichoachwa nje ya sura ya nne, na kuomba barua hiyo ihifadhiwe pamoja na ripoti, ili atakayeisoma moja aisome na nyingine.

Wapo wanaoniambia kwamba dunia inabadilika, kwamba mambo haya sasa yanaeleweka. Ni kweli kwa sehemu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka wanasayansi wasipimwe kwa sifa ya jarida walikochapisha. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kiliacha kupeleka takwimu zake kwenye mojawapo ya orodha kubwa za dunia. Lakini chuo chenye sifa ya karne kadhaa kinaweza kujitoa bila kutetereka. Sisi tulio pembeni ndio tunaosukumwa kufukuzia namba, na ndio wenye vijiji vyenye maswali ambayo hayajaulizwa popote. Hadhi ambayo chuo kama chetu kinaweza kuipata, na ambayo hakuna wa kutunyang'anya, ni ya kujibu maswali hayo kwa ubora ambao dunia itaukubali. Mama yule aliliona hilo. Nami nililiona kwenye ungo wa bibi, nikalificha.

Najua kwamba wakati huu, katika vyuo vyetu, kuna kamati zinazoandika ripoti kama yangu. Kwenu nina ombi moja. Kabla ya kutia saini, kila mjumbe aandike ukurasa mmoja wa kueleza kazi yake iliyo bora ilianzia wapi: nani aliuliza kwanza, nani alimfungulia mlango, nani alitoa chakula chake kipimwe. Kurasa hizo ziambatanishwe na ripoti, Baraza lizisome kabla ya hitimisho. Kama ningeuandika wangu, sura ya nne isingesimama, na mama yule angemaliza muhula wake.