Mkwe Wangu Mbaptisti

Wasomaji wapenzi, leo nataka kuwasimulia habari ya nyumba yangu mwenyewe. Si habari ya kujisifu. Lakini huenda ikamsaidia baba mwingine asije akajikwaa pale nilipojikwaa mimi.

Mimi ni seremala. Kwetu ni Mahenge, lakini nimekaa hapa Ikwiriri tangu siku za kivuko cha Ndundu, wakati magari ya Lindi na Mtwara yalipopanga foleni kando ya Mto Rufiji yakingoja zamu. Tangu mwaka 2003 tunavuka juu ya Daraja la Mkapa, na vijana hawaijui tena taabu ile. Majirani zangu wengi ni Waislamu, nao ni watu wema. Sisi Wakristo tu wachache. Nikianza kuranda mbao za jeneza la Mkristo, kabla ya jioni Wakristo wote wa mtaa wameshajua.

Kwa sababu hiyo nilikuwa nikiomba binti yangu apate mchumba Mkatoliki. Mwaka 2019 akaja akaniambia amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya. Nikamwuliza, "Mkristo?" Akajibu, "Ndiyo, baba." "Mkatoliki?" Akainamisha kichwa. "Mbaptisti, baba."

Nilicheka kicheko kibaya. Nikasema, "Hilo ni kanisa la jana! Babu yangu alibatizwa kabla hao hawajaijua njia ya kuja Tanganyika." Mama yake alikuwa akisuka mkeka. Hakuinua macho, ila mikono yake ilisimama. Na kwa kweli sikujua habari yoyote ya Wabaptisti, isipokuwa kwamba wanawazamisha watu majini. Ndivyo tulivyo wengi: tunadharau kwanza, tunauliza baadaye.

Basi, wakaja wazee kuleta posa. Baba wa kijana alikuwamo, mzee wa makamo yangu, mstaafu wa reli ya TAZARA. Tulipokwisha kula, nikamwambia, "Mzee mwenzangu, nieleze. Hilo kanisa lenu lilitoka wapi?" Nilidhani nitamwona akitafuta maneno. Kumbe hakutafuta. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kwa mama yake.

Alisema, "Nilikuwa mtoto mdogo mama alipoanza kukohoa damu. Siku zile kifua kikuu kilikuwa ni kama hukumu. Ndugu zake walimtengea sahani, wakamtengea kikombe, mwisho wakamtengea kibanda. Mimi nilikatazwa kumkaribia. Mwaka 1956 Wabaptisti wa Marekani walikuwa wamefika Afrika Mashariki, Kenya na kwetu Tanganyika. Dar es Salaam walifungua kituo pale Magomeni. Kwetu Mbeya wakajenga hospitali ya kifua kikuu. Baba akampeleka mama huko. Matibabu ya wakati ule hayakuwa ya wiki mbili, mzee. Ilikuwa sindano na vidonge, mwezi baada ya mwezi. Alikaa zaidi ya mwaka mzima. Siku aliporudi, alitushika mikono yote sisi watoto, mmoja mmoja, maana hakuwa ametugusa muda wote ule. Mama hakuwa Mkristo alipoingia hospitali. Alibatizwa miaka mingi baadaye, kwa hiari yake. Kanisa letu lilitoka huko, mzee. Mimi lilinirudishia mama."

Akaendelea kunieleza kwamba mwaka 1962 walifungua Arusha chuo cha kuwafundisha wachungaji, kwamba Kigoma nako kuna hospitali yao, na kwamba mwaka 1971 makanisa yao nchini yaliunda umoja wao wa taifa. Nilisikiliza. Mke wangu alifuta machozi kwa pembe ya khanga. Lakini moyo wangu ulikuwa bado mgumu. Nilisema tutajibu posa baadaye.

Walipoondoka nikamwomba mwanangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam anitafutie habari za Wabaptisti tangu mwanzo. Akaniandikia kwa uaminifu, mema na mabaya. Alisema kundi lao la kwanza lilianzia Amsterdam mwaka 1609, Waingereza waliokimbia nchi yao kwa ajili ya dini, na kiongozi wao akiitwa John Smyth. Mmoja wao, Thomas Helwys, alirudi London, na mwaka 1612 akatoa kitabu akimwambia mfalme kwamba hana mamlaka juu ya dhamiri za watu. Hakudai uhuru kwa ajili ya kundi lake tu, bali hata kwa Wayahudi, Waislamu na sisi Wakatoliki, ingawa mafundisho yetu aliyapinga sana. Alitiwa gerezani, akafia humo. Aliandika pia habari za William Carey, fundi viatu wa Uingereza, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha chama chao cha misioni mwaka 1792, kisha mwaka 1793 akaenda India. Na Kongo, kwenye misioni yao ya Yakusu karibu na Kisangani, Daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920 akapambana na ugonjwa wa malale uliokuwa ukimaliza vijiji.

Lakini palikuwapo na jambo jingine. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini. Sababu ilikuwa utumwa: wa kusini walitaka mtu mwenye watumwa aweze kutumwa kuwa mmisionari. Na hao waliokuja Tanganyika mwaka 1956 walitoka katika tawi hilo hilo.

Wasomaji wapenzi, nililishika neno hilo kama mtu aliyeokota rungu njiani. Mema yote niliyaacha. Nilikuwa kama mtu anayepeta mchele, akatupa mchele akabaki na mawe.

Wazee waliporudi kutaka jibu, nikalitoa rungu langu. Nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, mbona hukuniambia kwamba kanisa lenu lilizaliwa kwa kutetea utumwa?" Watu wakatazamana. Kijana akainama. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Nilistahili kukuambia. Mwaka 1995 wao wenyewe walikiri kosa hilo hadharani na kuomba radhi. Walichelewa sana, lakini walikiri. Tena jua kwamba wako Wabaptisti waliokuwa watumwa wenyewe. Kule Jamaika, Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, aliwaongoza watumwa wagomee kazi wakati wa Noeli ya mwaka 1831. Mwaka 1832 alinyongwa. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni yake."

Halafu akanyosha mkono kuelekea barabara. "Na wewe, mzee mwenzangu, unaijua njia hii? Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alipokatazwa kusafirisha watumwa baharini, wafanya biashara waliwatembeza kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Walivuka mto huu wa Rufiji wakiwa wamefungwa. Katika jambo hili hakuna nyumba isiyo na doa."

Sikuwa na la kumjibu. Nikasema tumalize kesho. Usiku sikulala.

Asubuhi nikamwendea Padre. Nilitumaini ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mapadre wetu wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakawakomboa watumwa. Hiyo tunapenda kuisimulia, na ni haki. Je, unajua kwamba mwaka 1838 Mapadre Wayesuiti wa Marekani waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown?" Sikujua. "Basi," akasema, "ukitaka kupima kanisa kwa dhambi za watu wake, andaa mizani mbili. Usimpime jirani peke yake."

Akanieleza mafundisho ambayo nilistahili kuyauliza kabla ya kucheka. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliwaita Wakristo hao ndugu zetu. Mwaka 1965 ukatangaza kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Mtu aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu habatizwi tena kwetu. Ndoa na Mbaptisti inawezekana, ila ni lazima kupata ruhusa ya Askofu. Binti yangu atatoa ahadi ya kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Na mchumba wake aarifiwe ahadi hiyo waziwazi kabla ya ndoa. "Jambo hili si dogo," Padre alisema. "Wabaptisti wanaamini kwamba mtu abatizwe baada ya kuamini mwenyewe, si akiwa mtoto mchanga. Wasijidanganye kwamba mapendo yatalifuta. Walizungumze sasa."

Nilirudi nyumbani, nikamwomba mzee radhi mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao. Posa ikapokewa. Vijana walikwenda kwa Padre mara nyingi, na ruhusa ikapatikana. Walifunga ndoa mwaka 2020.

Mwaka 2022 akazaliwa mjukuu wangu wa kike. Siku ya ubatizo ilipokaribia, mkwe wangu alinijia kwenye karakana. Alisimama kati ya maranda, hakutaka kukaa. Akasema, "Baba, nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Mimi siwezi kusema kwamba naamini kama mnavyoamini ninyi juu ya ubatizo wa mtoto. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo. Lakini mke wangu alitoa neno mbele ya Padre, nami nilikuwapo nikasikia. Sitamfanya avunje neno lake."

Siku ile alikuja kanisani. Alikaa benchi la mbele, amevaa shati jeupe, ameshika shali ya mtoto. Maneno ya imani yetu hakuyatamka. Maji yalipomwagwa mtoto akalia, na yeye akawa wa kwanza kusimama na shali kumfuta. Nilimtazama, nikaona machozi. Hata leo sijamwuliza yalikuwa machozi gani. Kuna mambo baba mkwe haulizi. Lakini nilijua kwamba siku ile kijana huyu amelipa gharama ambayo mimi sikuilipa, nami ndiye niliyeliita kanisa lake kanisa la jana.

Ndugu wazazi, kutokana na hayo nawaachieni maneno matatu. La kwanza: mtoto akileta mchumba wa dhehebu jingine, mwendeeni Padre mapema, kabla ya mahari, kabla ya kadi za arusi. La pili: msifiche tofauti za imani, maana jambo lililofichwa wakati wa uchumba huamka mtoto anapozaliwa. La tatu: ulizeni kabla ya kudharau. Huenda mtu yule unayemcheka anatoka katika nyumba ambayo mama alirudishwa kutoka kaburini.

Mimi bado ni Mkatoliki, na kwa neema ya Mungu nitakufa Mkatoliki. Bado natamani siku moja mkwe wangu akae nasi kwenye meza moja ya Bwana. Lakini kila Dominika anambeba mtoto begani mpaka mlango wa kanisa letu, anamkabidhi kwa mama yake, kisha anakwenda kusali na wenzake wachache. Misa ikiisha, tunamkuta mlangoni akitungoja.

Wenu katika Kristo,
Seremala wa Ikwiriri