Umeme wa Wakfu na Kompyuta Kibarua

Mwezi uliopita kamati ya msikiti wetu ilipokea ombi la kijana mmoja wa jamaa zetu, mwenye adabu na asiyekosa swala ya Alfajiri. Aliomba kuweka kompyuta yake katika ofisi ya madrasa ichimbe sarafu za kidijitali, na robo ya pato iwaendee mayatima.

Alitufafanulia vyema. Sarafu iitwayo Monero, tangu mwishoni mwa 2019, hutumia hesabu zilizobuniwa ili kompyuta za kawaida ziziweze. Yeye angebaki kwao akitoa amri kwa intaneti. Kompyuta ya ofisini ingekuwa kibarua: ipokee kazi kutoka kwa kundi la wachimbaji, ikokotoe usiku na mchana, irudishe majibu, na ujira uingie katika pochi yake.

Baadhi yetu tulivutiwa, kwani mayatima wana haja. Kisha tukapiga hesabu. Kompyuta inayokula wati 200 bila kupumzika humaliza uniti 144 kwa siku 30, na umeme ule hununuliwa kwa sadaka. Bibi anayetia shilingi 500 katika kisanduku cha Ijumaa amenuia taa ya wanaosali na pampu ya maji ya udhu. Mwenye nyumba huombwa ruhusa. Bibi huyo, na waliokwisha kutangulia mbele ya haki, tutawaombaje? Sisi tu walinzi wa mali ile, wala si wenyewe, na wema wa lengo haubadili nia ya aliyetoa.

Kuhusu sarafu zenyewe hatukutoa hukumu. Wanazuoni wamehitilafiana, Mufti wa Misri wa wakati huo, Shawki Allam, aliikataza Bitcoin mwanzoni mwa 2018. Tulimhimiza kijana awaulize wenye elimu.

Tulilikataa ombi, hatukumkataa mwombaji. Amepanga chumba chenye mita yake, ambako atalipa mwenyewe pindi moyo wake ukitua juu ya hukumu. Siku za Jumamosi huwafundisha wanetu kompyuta.

Enyi wazazi, waulizeni vijana wenu kompyuta zao zinafanya kazi gani, na kwa umeme wa nani. Wako wanaopenyeza programu za uchimbaji katika kompyuta za watu bila wenyewe kujua. Huo ni wizi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa. Amana haina udogo.

Wallahu a'alam.