Mgeni wa Mpanda

Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro. Miaka kumi na mitatu imepita tangu nihamishiwe Mpanda kikazi, na jirani zangu bado huniita "mgeni wetu". Siwalaumu. Mtu anayeulizia ndizi za mtori mahali ambapo ndizi ni tunda atajulikana tu.

Ukitaka kuishi huku vizuri, jifunze kwanza maana ya "hapo tu". Mgonjwa anakaa hapo tu, wanakuambia, nanyi mnaendesha baiskeli saa moja na nusu. Halafu zoea kupewa. Asali ya miombo hukujia katika chupa zilizowahi kubeba kila kitu isipokuwa asali, na hairudishwi.

Lakini walionifundisha hasa Mpanda ni watoto wa kliniki. Mji huu umejaa watu waliotoka mahali pengine. Wapo wenyeji, Wapimbwe, Wabende na Wakonongo. Reli kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ilileta wengine. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao. Na kuanzia mwaka 1972 wakaja wakimbizi wa Burundi, wakapewa Katumba, wakaufyeka msitu na kulima.

Basi siku ya kupima watoto ukiita "Shija!" wanasimama mama watatu. Kwa Wasukuma pacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Kabla sijauliza lolote nimekwisha kujua mama huyu alishajifungua pacha. Kwa Warundi pacha ni Bukuru na Butoyi, na anayefuata ni Ciza. Jina ni nusu ya historia ya uzazi! Chuoni hatukufundishwa hilo.

Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Awali walitakiwa wahame kwanza, watawanywe mikoa mingine. Baadaye wakaruhusiwa kubaki. Hata hivyo sokoni bado nasikia mama muuza maharage akiitwa "mkimbizi", naye amezaliwa hapa hapa. Mimi niliyeshuka juzi kwenye treni na masanduku yangu sijaitwa hivyo hata siku moja. Mimi ni mgeni, ninakaribishwa chai.

Mwaka jana alikuja binti wa Katumba na pacha wake, mkwewe akiwa pembeni. Nikauliza majina.

"Andika Kulwa na Doto," akasema binti.

Bibi akashtuka. "Bukuru na Butoyi! Kulwa ametoka wapi katika ukoo wetu?"

"Mama, wataenda shule. Sitaki waulizwe kila siku wametoka wapi."

Bibi akanigeukia. "Nesi, wewe ni mtu mzima. Mwambie."

Nilikuwa na la kusema, tena mengi, maana kwetu jina la bibi halichezewi. Lakini shuleni hawatakwenda wanangu. Nikasema kwa upole kwamba mwenye kutaja jina la kadi ni mama mzazi, nikaandika Kulwa, nikaandika Doto, nikawapima. Kilo mbili na nusu, na mbili na robo.

Bibi hakujibu neno. Alimpokea yule mdogo, akamfunga mgongoni, akatoka naye taratibu kuelekea kituo cha basi, akimbembeleza: "Butoyi, Butoyi wanje."